Kishoka wa kwenye laptopu

Nimepotea kama wiki sita hivi, wengine mmeniulizia mpaka kwa watu wa chumba cha jirani. Niko hai. Nilikuwa fildi huko juu mlimani, nikarudi, zikaja testi tatu mfululizo, na sasa UE inanukia. Lakini kabla sijajifungia kupiga msuli kuna jambo limenikaa kooni, bora niliseme hapa tulijadili.

Jambo lenyewe ni hizi laibrari zisizo rasmi za kuongea na roboti za akili mnemba. Mnazijua. Ninyi wa mwaka wa pili mlio na laptopu, nusu yenu mnayo moja humo ndani, na nusu iliyobaki mnalo faili alilowatumia mwenye nayo.

Kwa wale wa Historia na Kiswahili ambao mmeshaanza kupiga miayo, subirini, nitaeleza polepole. Nikisema kodi humu sina maana ya kodi ya TRA wala ya mama mwenye nyumba. Ni yale maandishi ya kuiamrisha kompyuta. Na laibrari siyo ile yenye vitabu na mzee anayetukataza kuongea. Ni furushi la kodi alilokwisha kuliandika mtu mwingine, wewe unalichukua na kulitumia ndani ya programu yako, kama unavyonunua unga uliosagwa badala ya kuanza na mahindi.

Sasa roboti kama ChatGPT ina milango miwili. Wa kwanza ni wa watu: unafungua tovuti, unaandika swali, unasoma jibu. Huo una sehemu ya bure. Wa pili ni wa programu, unaitwa API: programu yako inatuma swali yenyewe kwa seva, jibu linarudi, na kila neno linahesabiwa na kulipiwa. Laibrari isiyo rasmi ya aina ninayoisema ni programu inayopita kwenye mlango wa watu ikijifanya mtu. Inachukua kuki ya akaunti yako, yaani kile kipande cha maandishi ambacho kivinjari hutunza ili tovuti ikukumbuke usiandike neno la siri kila dakika. Inakionyesha mlangoni, inasema "ni mimi", seva inafungua.

Vishoka wa umeme mnawajua. Unakaa mtaani, nguzo iko pale, fomu na foleni hutaki, anakuja jamaa na ngazi yake usiku na asubuhi taa inawaka. Na inawaka vizuri tu! Mwanga wa kishoka hauna tofauti na mwanga wa mwenye mita. Tofauti utaiona siku waya unapoungua, maana siku hiyo hakuna wa kumpigia simu. Laibrari hizi ndio vishoka wa intaneti.

Zilianzaje? ChatGPT ilifunguliwa tarehe 30 Novemba 2022, kwenye tovuti tu. Mlango wa programu kwa roboti ile haukuwepo. Haikupita muda watu wakaanza kuweka GitHub laibrari za Python zinazoigiza kivinjari, mojawapo iliyojulikana sana ikiitwa revChatGPT. Kwa kweli wakati ule siwezi kuwalaumu: nyumba ina mlango mmoja, na wewe una gunia, utapita wapi? Mlango rasmi ulifunguliwa tarehe 1 Machi 2023, bei ikiwa dola 0.002 kwa tokeni 1,000. Kwa shilingi za wakati ule ni kama tano hivi.

Tokeni ndio vipande ambavyo roboti hukata maneno yetu kabla ya kuyasoma. Neno la Kiingereza mara nyingi ni kipande kimoja. Neno letu lenye kiambishi mwanzoni, katikati na mwishoni, mfano "hawatawasaidia", linakatwa vipande kadhaa. Kwa hiyo Mswahili anayeuliza swali lile lile analipa zaidi ya Mwingereza. Hilo peke yake lingetosha kuandikia siku nyingine.

Mtu ataniuliza, shilingi tano ni nini mpaka mtu atafute kishoka? Tatizo siyo shilingi tano, tatizo ni kadi. Mlango wa kulipia unataka kadi ya benki inayokubalika mtandaoni na anwani ya malipo, na sisi wengi wetu tuna laini ya simu, bumu, na deni kwa Mangi wa dukani. Ndiyo maana vishoka wanapata wateja, huku kwetu na hata kwa wenzetu wenye pesa.

Mwaka 2023 hiyo hiyo ikatokea nyingine inaitwa gpt4free. Ile haikutumia hata akaunti yako. Ilipita kwenye tovuti nyingine zilizokuwa zimeshalipia mlango rasmi kwa ajili ya wateja wao, ikabeba majibu kutoka huko. Aliyeianzisha alikuwa mwanafunzi wa kompyuta huko Ulaya, mtu wa rika letu. OpenAI walimwandikia barua wakimtaka aiondoe, la sivyo mahakamani. Nikisoma habari ile nilimwonea huruma, kisha nikafikiria wale wenye tovuti ndogo ambao bili ilikuwa inawajia wao. Unaweza kumwonea mtu huruma na bado ukaiona bili.

Na Google nao hivyo hivyo. Walileta Bard mwezi Machi 2023, ikaanza kujibu Kiswahili Julai mwaka huo, ikabadilishwa jina kuwa Gemini Februari 2024, na kila hatua kulikuwa na laibrari za pembeni zinazokuomba kuki za akaunti yako ya Google. Akaunti ya Google, wadau. Ile ile yenye barua pepe zako na picha zako. Shikeni hapo hapo, nitarudi.

Basi, fildi. Nilipangiwa shule ya kata moja huko juu, kwenye migomba, Biolojia Kidato cha Kwanza, mikondo miwili, wanafunzi 97. Mmefundisha, mnajua. Mtoto amesoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, halafu siku moja anaingia darasani na kila kitu ni Kiingereza. Unauliza swali, madarasa yote mawili kimya, siyo kwamba hawajui jibu bali hawajui umeuliza nini. Kijana mmoja aliniambia kwa adabu kabisa, "Mwalimu, mimi naelewa ukichora." Nikawa nachora sana.

Sasa kuna jamaa wa kozi yetu, tumwite Kipanga maana ndiye kipanga kweli, alitengeneza programu ya mistari kama arobaini ya Python juu ya laibrari isiyo rasmi. Unaandika mada, inakuletea maswali kumi ya Kiingereza chepesi, chini ya kila swali maelezo ya Kiswahili. Akawatumia faili watu saba tuliokuwa fildi sehemu mbalimbali, Rombo, Machame, Uru, kila mtu na shule yake. Nami nililipata, nikalitumia. Jioni nilikuwa natoka na laptopu mpaka karibu na barabara ambako mtandao unashika, nasimama juu ya tofali, naomba maswali ya kesho. Huko juu zaidi kwenye kituo cha Horombo, mita 3,720, TTCL waliweka intaneti ya kasi Agosti 2022 kwa ajili ya wapandaji. Nilikuwa nautazama mlima na kucheka peke yangu: mtalii yuko juu ya mawingu anatuma picha kwao, mwalimu yuko chini yake kwenye tofali anatafuta osmosisi.

Nasema ukweli, faili lile lilikuwa na faida. Maswali mengi yalikuwa mazuri. Mengine yalikuwa vituko. Siku moja liliniandikia, kwa Kiswahili safi kabisa cha kuaminika, kwamba katika osmosisi maji hutoka penye chumvi nyingi kwenda penye chumvi kidogo. Kinyume! Nililiona kwa sababu asubuhi ile tulikuwa tumekata kiazi vipande viwili, kimoja kwenye maji matupu kingine kwenye maji ya chumvi, na watoto wameshika kwa mikono yao kile cha chumvi kilivyolegea. Roboti haijawahi kushika kiazi. Kwa hiyo kila swali nilikuwa nalipitisha kwenye kitabu kabla halijafika ubaoni, na hiyo kazi ilinila saa nzima kila jioni.

Wiki ya tatu, Jumapili usiku, faili likafa. Linaleta maandishi mekundu tu. Tovuti ya roboti ilikuwa imebadilisha kitu fulani huko ndani, na kishoka akibadilishiwa nguzo hana la kufanya. Kipanga akaandika kwenye kundi letu la WhatsApp: "Tulieni, mwenye laibrari atarekebisha." Mwenye laibrari ni nani? Ni mtu mmoja huko duniani anayeandika kodi kwa kujitolea baada ya kazi zake. Hatudai chochote, hatujui, na hajui kama kuna Kidato cha Kwanza kinachomsubiri saa mbili asubuhi kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Mimi nilikuwa na kitabu na azimio langu la kazi, nikafundisha. Mwenzetu mmoja alikuwa ameliachia faili kila kitu mpaka andalio la somo, na Jumatatu hiyo ndiyo alikuja mkaguzi wa chuo. Alitusimulia wiki nzima, sauti ikitetemeka.

Hayo yote yalikuwa madogo. Kubwa lilikuja tuliporudi chuoni.

Ninayekaa naye chumba kimoja (ameniruhusu niandike, kwa sharti nisitaje jina wala masomo yake) ndiye aliyetoa kuki. Kipanga alihitaji akaunti ya kujaribia, yake ilikuwa imefungiwa, akamwomba dada wa watu kwa sababu wanaelewana. Akampa. Kuki ikaandikwa ndani ya faili, mstari wa sita, ndefu kama namba ya kupokelea umeme mara kumi. Faili likaenda kwa watu saba. Mmoja wetu akagundua kwamba ukikata ule mstari na kuubandika kwenye kivinjari chako, huhitaji programu tena. Unakuwa yeye. Unaona mazungumzo yake yote na roboti tangu siku ya kwanza.

Na mnajua watu wanaongea nini na roboti saa nane usiku. Mwenzangu alikuwa amepata kari kozi mbili, na kwa hesabu zake alikuwa karibu na disko. Kwao ni wa kwanza kufika chuo, na baba yake aliuza ng'ombe ili aripoti mwaka wa kwanza. Alikuwa akiiuliza roboti, usiku baada ya usiku, amwambieje baba. Alikuwa ameandika barua tatu tofauti na kuzifuta. Mambo ambayo hata mimi ninayelala mita moja kutoka kwake sikuyajua.

Halafu siku moja tumekaa kimbwetani, watu kama tisa, jamaa akamwuliza huku anacheka: "Vipi, mzee ameshaambiwa kuhusu ng'ombe wake?"

Wengine walicheka bila kuelewa. Yeye alielewa palepale. Alikusanya madaftari yake polepole, kalamu moja moja, akaondoka. Siku mbili hakuingia kipindi chochote. Nilimletea chipsi zikapoa mezani. Usiku wa pili aliniuliza kutoka kitanda cha juu, "Hivi wamesoma wangapi?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo hakuna mwenye jibu, kwa sababu kuki haiandiki jina la aliyeitumia.

Nilimfuata Kipanga. Simfichi, ni rafiki yangu, na alichoniambia siyo cha kipumbavu. Aliniambia, "Mimi sijamsoma mtu. Nimesaidia watu saba wafundishe. Mlango rasmi wanataka kadi, kadi hatuna. Na wale matajiri wa Marekani wamekosa nini?" Ukimsikiliza, kila sentensi ina ukweli wake. Masharti ya OpenAI, kwa mfano, yanakataza kuvuna majibu kwa programu kupitia mlango usio wake, lakini hakuna tajiri aliyelala njaa kwa ajili ya maswali yangu ya osmosisi.

Ila bili ililipwa. Ililipwa na binti wa kitanda cha juu. Hapo ndipo nilipoona tofauti kati ya kishoka na kupunguza gharama. Kishoka hafuti gharama. Anaihamishia kwa mtu aliye karibu zaidi na waya.

Nisieleweke vibaya. Neno "isiyo rasmi" peke yake halinitishi. Nina mfano wa nyumbani. Meta walipofungua mlango wa programu wa WhatsApp kwa watu wote mwezi Mei 2022, vijana wa Neurotech Africa hapa hapa Tanzania waliandika laibrari ya Python inaitwa heyoo, ya kurahisisha kutuma na kupokea ujumbe. Nayo wenyewe waliiita isiyo rasmi, kwa maana haikutengenezwa na Meta. Lakini inapita kwenye mlango rasmi, kwa ufunguo wako mwenyewe uliopewa kwa ajili hiyo, ufunguo ambao unaweza kuufuta bila kuvunja nyumba nzima. Yule ni fundi wa mtaani anayefanya kazi yake mchana. Kwa hiyo swali la kuuliza kabla hujasakinisha kitu siyo "nani amekiandika?" Ni hili: "kinaomba nini kutoka kwangu ili kifanye kazi?" Kikiomba ufunguo wa API, huo ni ufunguo wa stoo. Kikiomba kuki, hiyo ni nyumba, kabati, na kitanda chako.

Na sisi ni walimu watarajiwa, jambo linazidi uzito. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Jina la mtoto na alama zake ni taarifa zake. Wawili kati ya wale saba walikuwa wameweka orodha nzima ya darasa kwenye programu ili iwaandikie maoni ya ripoti. Watoto wa miaka kumi na nne, majina matatu matatu, na nani amepata sifuri, yote yamelala kwenye historia ya akaunti ya mtu ambaye si mwalimu wao, na ufunguo wa akaunti hiyo uko kwenye simu saba. Yule baba wa mtoto huko Rombo anayechuma kahawa hana hata wazo. Ametuamini tu kwa sababu tumevaa tai.

Tulichofanya ni hiki. Mwenzangu alibadilisha neno la siri na kutoka kwenye vifaa vyote, maana kubadilisha neno la siri bila kufukuza vifaa vilivyokwisha ingia si kila mara kunafunga mlango. Tulikutana wote wanane, tukafuta faili kila mtu mbele ya mwenzake, na lile kwenye kundi pia. Kipanga mwenyewe ndiye aliyetuonyesha kwamba tangu Desemba 2023 Google walipofungua Gemini kwa watengenezaji wa programu, waliweka kiwango cha bure kwenye mlango rasmi, wakati ule maombi 60 kwa dakika, bila kadi. Sitini kwa dakika! Mimi nahitaji kumi kwa siku. Aliandika upya ile mistari arobaini ikawa thelathini. Kila mtu na ufunguo wake, hakuna jina la mtoto linaloingia, na maswali yanatolewa mapema na kuhifadhiwa, ili mtandao ukifa Jumapili kazi ya Jumatatu iwe tayari kwenye karatasi. Ufunguo wa bure nao una lake: unachoandika kwenye upande wa bure wanaweza kukitumia kuboresha roboti yao. Kwa maswali ya osmosisi, sawa, wachukue. Kwa mambo ya ng'ombe wa baba, hapana.

Yule jamaa wa kimbwetani hajaomba msamaha bado. Anasema ilikuwa utani. Namwandikia hapa kwa sababu najua anasoma: kaka, tunakungoja.

Kuna kitu kingine nilikipata kule mlimani kinachonifanya nisiishie kwenye kulaumu vishoka. Mzee niliyepanga kwake ni mwalimu mstaafu, na nyuma ya nyumba yake unapita mfongo. Wa Moshi mnaijua mifongo. Kwa wengine: ni mifereji ambayo Wachaga waliichimba tangu kabla ya wakoloni, inachukua maji kwenye mito ya mlimani na kuyashusha kwa mteremko, bila pampu, mpaka kwenye vihamba vya migomba na kahawa. Jioni moja nilimsimulia mzee habari ya faili na tofali, nikimfafanulia roboti kwa shida.

Akaniuliza, "Kwa hiyo, mwanangu, hayo maji ni ya nani?"

Nikamwambia ni ya kampuni ya Marekani.

"Na ninyi mnayachota usiku."

"Ndiyo, mwalimu. Kwa maana hiyo."

Akacheka. Akaniambia kwenye mfongo kila mtu ana zamu yake, na anayefungulia maji usiku nje ya zamu wanamjua tu, kwa sababu asubuhi kihamba chake kimelowa na cha jirani kimekauka. Lakini akaongeza jambo lililonikaa. Haki ya kupata maji, alisema, ilitokana na jembe. Siku ya kusafisha mfongo unakwenda na jembe lako, asiyekwenda anatozwa. "Maji yanatoka kwa Mungu," akasema, "ila mfereji unatoka mgongoni."

Nikajiuliza, mfereji wetu sisi uko wapi? Nikakuta watu wameshaanza kuchimba. Mwaka 2023 Jacaranda Health, shirika la Kenya linalohudumia akina mama wajawazito, walichukua Llama 2 ya Meta, ambayo watu wanaruhusiwa kuipakua, wakaifundisha Kiswahili zaidi na kuiachia wengine kwa jina UlizaLlama. Masakhane nao ni watafiti wa Kiafrika wanaokusanya na kusafisha matini ya lugha zetu kwa kujitolea. Laptopu zetu nyingi hazina nguvu ya kubeba modeli kama ile, yangu ya RAM 4 ingezimia mlangoni. Lakini jembe la mwalimu siyo laptopu. Jembe la mwalimu ni kujua kwamba sentensi ile ya osmosisi ni kinyume, na kuiandika upya kwa Kiswahili ambacho mtoto wa Kidato cha Kwanza atakielewa. Roboti zinajifunza kutokana na maandishi, na Kiswahili cha Biolojia iliyo sahihi ni kichache huko mtandaoni. Yale maswali yangu niliyoyapitisha kwenye kitabu kila jioni, saa nzima kila siku, ni udongo uliokwisha chimbwa.

Kwa hiyo mimi na Kipanga na mwenzangu wa chumbani tumeanza kuyakusanya. Yamefika 212 hivi, ya Biolojia Kidato cha Kwanza, swali kwa Kiingereza chepesi, maelezo kwa Kiswahili, kila moja limesomwa na watu wawili. Mwenzangu ndiye mkali zaidi, amekataa yangu kumi na mbili wiki hii peke yake, na nyingine ameandika pembeni "umeandika kama roboti". Tukimaliza tutayaweka wazi, mwenye kutaka afundishie, mwenye kutaka afundishe roboti. Wa Fizikia na Kemia mnakaribishwa, njooni na majembe yenu. Kimbweta cha chini ya mti wa mwisho, Jumamosi saa kumi jioni.

Mtauliza na yule baba. Alimpigia mwenyewe, Ijumaa ile, kwa sababu siri ikishavuja hakuna tena cha kuipangia maneno. Nilikuwa nimetoka nje nimwachie chumba, lakini kuta za hosteli yetu mnazijua. Alisema yote kwa dakika mbili, kari mbili, disko, ng'ombe. Upande wa pili kimya kirefu sana. Halafu mzee akauliza, "Umekula?"

Sap yake ni mwezi ujao, anapiga msuli kuliko sisi wote.

Nanyi mlio na faili la aina hiyo: fungueni muangalie ule mstari wenye herufi zisizosomeka. Kama ni kuki ya mtu mwingine, mfuteni leo na mmwambie. Kama ni yako, toka kwenye vifaa vyote sasa hivi, kabla hujaenda kula. Halafu rudini hapa mniambie mlikuwa wangapi.